Nilivyopima bodi tatu za kamera kwa picha za ukumbini usiku

Anayepiga send-off Dodoma anaujua mwanga wake: taa kubwa zimezimwa, zimebaki LED za bluu na zambarau, na bibi harusi anaingia akicheza. Kabla ya kununua nilipima bodi tatu (kamera zenyewe bila lenzi) zilizokwishatumika, zote fulu fremu, yaani sensa yenye ukubwa wa fremu ya filamu ya 35mm: Canon EOS 6D ya 2012, Nikon D750 ya 2014 na Sony A7 III ya 2018. Kila moja niliifunga lenzi yake ya 50mm f/1.8.

Nilianzia sebuleni, Area C. Mshumaa mmoja shubiri moja kutoka usoni mwa mtu, f/2 (upana wa tundu la lenzi), shata 1/60 ya sekunde, ISO (wepesi wa kupokea mwanga) 6400, faili za RAW, yaani ghafi zisizochakatwa. Kwenye kompyuta nikashusha picha za Nikon na Sony kutoka megapikseli 24 hadi 20 za Canon, ndipo nikalinganisha. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Ukizikuza zote asilimia 100, yenye pikseli nyingi inasingiziwa chenga (punjepunje zinazochafua picha) isizokuwa nazo.

Kwa ISO 6400 chenga hazikutofautiana kiasi cha kuamua ununuzi. Pengo lilionekana nilipopiga kwa ISO 100 picha ikiwa giza, kisha nikang'arisha sehemu zenye giza kwenye kompyuta: Canon ilitoa mistari, wenzake wakabaki safi. Ukiwa na 6D, pandisha ISO palepale, usitegemee kuokoa picha baadaye.

Kilichoamua ni fokasi. 6D ina pointi 11 za kushika fokasi, na ya katikati tu ndiyo inayoaminika gizani. Unashika jicho kwa pointi hiyo, unahamisha fremu, na kwa f/1.8 ukiwa karibu, kope zinafifia na hereni ndiyo inakuwa kali. D750 ina pointi 51, lakini zimekusanyika katikati. Sony inashika jicho lenyewe na kulifuata hadi pembeni ya fremu. Hakikisha tu programu yake ni toleo la 3.0 au jipya zaidi.

Mkononi mambo yanageuka. D750 ina mpini wenye kina, vidole vyote vinakaa. Kwenye Sony kidole kidogo kinaning'inia chini, na ukifunga lenzi nzito ya 70-200mm kifundo kinalalamika kabla keki haijakatwa. Nilichukua Sony, nikafunga kipande cha kurefusha mpini kwa chini, kidole kikapata pa kushika.

Mipangilio miwili ya Sony isisahaulike. Ukitumia flashi, zima Setting Effect kwenye menyu (inayokuonyesha mapema mwanga wa picha bila kuhesabu flashi), la sivyo ukichungulia unaona giza tupu. Pia acha shata ya kimya: chini ya LED inachora mistari ya mwanga na giza. Tumia shata ya kawaida. Umeme wetu ni 50Hz, taa hupepesa mara 100 kwa sekunde, hivyo 1/100 huwa salama kwa wanaosimama. Wanaocheza wanataka 1/250, na kitulizi cha ndani ya bodi hakiwasaidii hao. Kinatuliza mkono wako tu.

Halafu vumbi letu la kiangazi. Ukitoa lenzi ya A7 III sensa inabaki wazi, hakuna kioo cha kuakisi mbele yake kama kwenye Canon na Nikon hizi. Zima kamera, ielekeze mdomo chini, lenzi ya pili iwe tayari mkononi, na ubadilishie ndani, mbali na mlango.