Siku tuliyokimbizana na mvua kule Etna

Oktoba 2021 nilikua Catania, kisiwani Sicilia, Italia, nasoma mwaka wa pili na hela ya kujikimu imekata kabisa. Jamaa mmoja Msenegali tuliyekua tumepanga nae nyumba akaniambia kuna familia huko juu inatafuta watu wa kuvuna zabibu, siku chache tu, malipo ya halali na chakula juu yao. Nikakubali palepale bila kuuliza juu wapi, maana ukiwa Catania mlima ni mmoja, Etna, ukifungua dirisha unauona unafuka moshi. Na mwaka ule ulikua umechachamaa kwelikweli, toka Februari ulishalipuka zaidi ya mara 50, kuna asubuhi tulikua tunaamka tunakuta barabara nyeusi ti kwa mchanga wa volkano, watu wako juu ya mapaa wanafagia.

Tukapanda kile kitreni cha Circumetnea kinachouzunguka mlima mpaka Randazzo, upande wa kaskazini, na humo njiani ndo nilianza kujisikia vibaya. Mimi nimekulia Kibosho, kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Sasa dirishani naona udongo mweusi, vishamba vidogovidogo vimeshikana kwenye mteremko, nyumba iko katikati ya shamba, bibi kizee anapanda kilima na mzigo wa majani, na juu ya vyote hivyo mlima umekaa kimya kama hauhusiki. Miaka miwili sijaona nyumbani. Koo likanikaba mpaka yule Msenegali akaniuliza kama naumwa.

Wenyeji wa pale hawasemi Etna. Wanasema 'a Muntagna, Mlima, basi, na wanautaja kama unavyomtaja mama mwenye nyumba. Hata kwetu hujasikia mzee anasema "Mlima Kilimanjaro", hilo ni jina la watalii.

Shamba lilikua juu ya kijiji cha Passopisciaro, hekta 3 tu, mwinuko kama mita 800 hivi. Mzee mwenyewe ana miaka 81, binti yake ndo anaendesha kila kitu, mkwe yuko kwenye mapipa, wajukuu wawili wanabandika lebo wakitoka shule. Zabibu yao ni nyeusi, inaitwa Nerello Mascalese, inachelewa sana kuiva. Wenzao wa tambarare wanakua wameshavuna Agosti na Septemba, wao bado wanasubiri, kwa sababu huko juu mchana kuna jua lakini usiku baridi kali, zabibu inaiva taratibu na uchachu wake haupotei, ndo mana divai yao ni nyekundu ya kupauka, ukiitazama unadhani ni nyepesi, ukiinywa ndo unaijua. Mizabibu haijafungwa kwenye nyaya, kila mmoja umesimama peke yake kama kamti kafupi, umeegemea kijiti chake. Kuna mingine ina zaidi ya miaka 100. Yule dada aliniambia karne ya 19 kuna kadudu kanaitwa filoksera kalitafuna mizizi ya mizabibu ya karibu Ulaya nzima, ikabidi watu waanze kuipandikiza juu ya mashina ya Kimarekani yanayohimili, ila kwenye mchanga wa volkano kadudu kanashindwa kupita, ndo mana mizabibu ile ya kizee bado iko kwenye mizizi yake yenyewe. Alikua anaishikashika wakati anaongea.

Sasa Ijumaa usiku mezani kukatokea mzozo. Simu zote zinasema Jumapili mvua kubwa. Binti anataka kesho shamba zima livunwe, mzee anasema matuta ya juu bado wiki nzima. Walikua wanaongea Kisicilia, sikuambulia neno, lakini sikuhitaji mkalimani, kesi ile ile niliiona utotoni kati ya babu na baba kuhusu kahawa. Zabibu iliyoiva ikipigwa na mvua inanyonya maji, ganda linapasuka, ukungu unaingia, siku tatu nne kichala kizima kimeoza, mwaka umeenda. Ila ukiivuna mbichi nayo unainywa ubichi wake miaka yote itakayokua kwenye chupa. Wote wawili walikua sahihi, ndo ubaya wa kesi hizo.

Saa 11 alfajiri nimetoka nje namkuta mzee anashuka kutoka matuta ya juu na tochi. Alikua ametafuna zabibu huko, ana mbegu kwenye kiganja, akamuonyesha binti yake. Mbegu ikiwa kijani bado, ikiwa kahawia na ukiing'ata inavunjika, tayari. Zake zilikua zimechanganyika. Alizitazama mda mrefu kidogo alafu akasema amuninni, yaani twendeni.

Tulikua watu 14. Unashika kichala kwa chini, unakata kikonyo na mkasi, unatoa punje mbovu, unalaza kwenye kreti usibonyeze. Mimi mikono yangu iliikumbuka kazi yenyewe, toka mdogo nimefundishwa kuchuma buni nyekundu tu, ya kijani iache, kwa hiyo nilikua naenda haraka na yule dada akanipeleka kwenye matuta ya juu kabisa ambako trekta haifiki. Huko kreti unabeba begani, kilo karibu 20, unashuka ngazi za mawe meusi yasiyo na saruji hata kidogo, moja limekaa juu ya lenzake kwa uzito wake. Mpaka saa 8 mchana miguu ilikua inatetemeka. Na mawingu yameshaanza kujaa upande wa bahari, hayakusubiri hiyo Jumapili.

Mida ya saa 9 nikateleza. Nilianguka na kreti, zabibu zikamwagika bondeni, na mguu wangu ukang'oa kipande cha ukuta, mawe kama kumi hivi yakaporomoka. Nilibaki nimekaa chini, nasubiri kutukanwa, maana yule mzee alikua anakuja mbio kwa umri ule. Hakuzitazama zabibu. Akapiga magoti, akaanza kupanga mawe. Mvua inakuja, watu wanaitana huku na huku, binti yake anapaza sauti kutoka chini, yeye anapanga mawe. Nikapiga magoti nikamsaidia. Akinikosoa hasemi, anaondoa jiwe langu, analigeuza, analirudisha. Kubwa chini, bapa liangalie nje, vipande vidogo nyuma ili maji yapite. Kwetu mfongo, ule mfereji wa maji ya shambani, unajengwa hivyo hivyo, babu alinifundisha kwa mtindo huo huo wa kutosema.

Tulipomaliza ndo akaongea, Kiitaliano cha polepole ili nielewe. Ukuta ule aliujenga babu yake. Alafu akanyoosha kidole upande wa Randazzo, akasema kule baba yake alikua na shamba lingine, kubwa kuliko hili. Machi 1981 lava ilishuka siku chache tu, ikakata barabara, ikakata reli, ikazika mizabibu ya watu mpaka karibu na mto Alcantara, la baba yake lilikuamo. Pako vile vile mpaka leo, mawe meusi matupu, tulipita pale tukitoka Randazzo. Akaniuliza, na nyie kwenu mlimani mnalima nini? Nikamwambia kahawa na migomba. Akauliza nani yupo shambani sasa hivi. Nikasema baba. Akauliza, na baada yake?

Sikumjibu, nikajifanya Kiitaliano kimenipita.

Kwa sababu Agosti ile ile baba alikua amenipigia kuniambia anang'oa kahawa ya babu, bei haimlipi, nguvu hana, anataka kupanda parachichi. Na mimi nilimjibu nikiwa nakimbilia basi, sawa tu baba, wewe ndo unajua. Kihamba, shamba letu la ukoo, chenye kaburi la babu, nikakimaliza kwa sentensi moja.

Mvua ilitukuta saa 12 jioni kreti za mwisho ziko chini ya turubai. Tulivuna zote. Matuta ya juu walichachusha peke yake kwenye pipa dogo, na mzee usiku ule hakula, alikaa ghalani anasikiliza mvua ikipiga bati.

Mimi nikatoka kibarazani nikapiga simu. Saa 4 usiku Kibosho, baba alishalala.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kuna nini, unaumwa?"

"Siumwi. Baba ile kahawa, umeshakata yote?"

Akanyamaza. "Ya chini imeisha. Ya kule juu kwenye kaburi bado, fundi wa msumeno hajarudi."

"Iache baba. Naomba uiache."

"Niiache nani aipogoe?"

Nikasema mimi, nakuja Julai.

"Julai watu wanaanza kuchuma," akasema. "Kupogoa ni mavuno yakiisha. Njoo Januari."

Januari ile sikwenda, nilikua na mitihani, na iliyofuata nauli haikutosha. Nilifika Kibosho Januari 2024, saa 10 jioni, begi sijalishusha baba akanichukua mpaka nyuma ya kaburi. Mistari miwili ilikua imesimama, imerefuka kunipita, matawi yameingiliana hata mwanga haupiti chini. Hakuna aliyekua ameigusa. Mkasi ulikua umening'inizwa kwenye mgomba, umenolewa.