Nililipa hela yangu, aliyecheza ni jirani

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilizingua nchi nzima, wengi mtakuwa mnaikumbuka, nyaya za chini ya bahari zilipata hitilafu, EASSy na SEACOM, na Tanzania tukawa kati ya walioumia zaidi. Mi niko Ilomba hapa Mbeya, Jumapili ndo siku yangu pekee ya kupumzika, na baridi la mwezi wa tano lilikuwa limeshaanza kazi yake. Nimejifunika blanketi, chai pembeni, nawasha laptopu nicheze gemu langu la magari ambalo nilikuwa nimelinunua kwa hela halali kabisa, hela ya kujinyima. Na ni gemu la kucheza peke yako, huyo unayeshindana naye ni kompyuta tu. Nikabonyeza, likazunguka weee, mwisho likaniandikia kwamba haliwezi kuthibitisha umiliki wangu, niunganishe intaneti nijaribu tena. Nilijaribu mpaka saa nane mchana.

Sasa nyumba tunayopanga, chumba cha pili, kuna dogo mmoja yuko chuo, analo gemu hilohilo ila la kukraki, yani kopi iliyovunjwa ulinzi, alipewa na mshikaji wake kwenye flash. Siku nzima nasikia injini zinanguruma upande wa pili wa ukuta. Hajalipa hata mia, wala hajui kama kuna kitu kinaitwa kuthibitisha umiliki. Simchukii dogo, ni mtu mwema na tunachangiana luku vizuri tu. Hasira yangu ilikuwa kwa waliotengeneza hilo gemu, jina la kampuni silitaji, lakini nilijisikia kama mtu aliyelipa nauli kamili akaachwa stendi ya Kabwe alafu aliyedandia ndo kafika.

Hii kitu ya kuthibitisha umiliki wenyewe wanaiita DRM, mi naiita kufuli. Na shida ya kufuli hili iko hivi: yule anayelivunja analivunja mara moja tu. Akishalivunja analing'oa, alafu nakala anayoigawa kwa watu haina kufuli tena, inafunguka popote, na intaneti au bila intaneti. Anayebaki kuhangaika na funguo kila siku ya maisha yake ni yule aliyelipa. Yani kampuni inatumia hela kubwa kuweka kitu ambacho mwizi anakutana nacho mara moja na mteja anakutana nacho kila akiwasha gemu.

Na sio kwamba hawajawahi kuungua. Mwaka 2008 kampuni ya magemu ya EA walitoa Spore, gemu lililosubiriwa na watu miaka, wakaweka kufuli la kwamba unaruhusiwa kuliwasha kwenye kompyuta mara tatu tu, ukibadilisha mashine ukapitisha hapo inabidi uwapigie kuomba. Watu wakakasirika, wakajaa kwenye duka la mtandaoni la Amazon kulipatia gemu nyota moja moja, wanaandika kwamba tumenunua au tumekodi? EA wakaongeza ikawa tano, lakini ilishakuwa too late, na mwaka huohuo Spore ndo likaongoza kwa kushushwa kwenye torenti, kule watu wanakogawiana kopi mtandaoni. Mwaka 2010 kampuni nyingine, Ubisoft, nao na gemu lao Assassin's Creed II ya kwenye kompyuta, hiyo ilitaka uwe kwenye intaneti muda wote, ikikatika na gemu linasimama. Mwezi wa tatu seva zao zikashambuliwa, waliolipa wakafungiwa nje ya gemu lao wenyewe. 2013 tena SimCity, siku za mwanzo seva zikazidiwa kabisa, watu wamelipa wanakaa kwenye foleni kuingia kwenye mji wao, mpaka EA wakaamua kuwapa wanunuzi gemu lingine bure kama pole, na njia ya kucheza bila intaneti ikaja mwaka uliofuata.

Hoja ya makampuni naijua na ina ukweli ndani yake. Mauzo makubwa ya gemu yanakuja wiki zile za mwanzo, kwa hiyo kufuli likishikilia hata mwezi tu wameshavuna. Sawa. Lakini basi wakishavuna walitoe, kama walivyofanya wa Doom ya 2016, gemu lilitoka mwezi wa tano na kufuli linaloitwa Denuvo, ilipofika Desemba wakaliondoa. Hapo mi sina neno, umelinda biashara yako alafu ukanirudishia gemu langu likiwa huru.

Nieleze kwanza nimetokea wapi, msije mkadhani mi ni mtu wa kuhubiri. Nimekulia Mwanjelwa. Kulikuwa na kibanda cha gemu nyuma ya soko, PS2 tatu, zote zimechipiwa ili zisome CD za kopi, mechi moja shilingi mia, ukifungwa unampisha mwenzio. Mwenye kibanda tulimwita bro tu, alikuwa na mfuko wa CD za kuchoma zimeandikwa kwa maka peni, PES, GTA, mieleka. Kava la gemu orijino sikuwahi kuliona kwa macho mpaka nimemaliza fomu foo. Na sio kwamba bro alikuwa mwizi moyoni, duka la kuuza hiyo orijino Mbeya lilikuwa wapi? Ungempa hela mkononi umwambie kanunue halali angezunguka Sokomatola mpaka Uyole akarudi na hela yako. Tulikuwa wateja ambao hakuna aliyetujua kama tupo.

Ndo maana historia ya CD Projekt, kampuni ya magemu ya Poland, inanigusa kuliko zote, ukiisoma utafikiri ni Mwanjelwa. Marcin Iwiński alipokuwa kijana alikuwa anauza magemu ya kukopi kwenye soko la kompyuta Warsaw, wakati huo sheria ya kwao ilikuwa hailindi programu za kompyuta kabisa, sheria ya kuzilinda ilikuja 1994. Mwaka huohuo yeye na mwenzake Michał Kiciński wakafungua kampuni ya kuingiza magemu halali. Sasa fikiria unaanza biashara ya kuuza halali kwenye soko ambalo kila meza ina kopi ya bei chee, na wanunuzi wenyewe ni wale ulikuwa unawauzia kopi juzi. Hawakukimbilia polisi wala kufuli. Mwaka 1999 walipochukua Baldur's Gate walilitafsiri lote kwa Kipolandi, wakaweka sauti za waigizaji wakubwa wa kwao, wakalipaki kwenye boksi kubwa zito lenye ramani, kitabu cha sheria za mchezo na CD ya muziki. Gemu lenyewe lilikuwa na CD tano, na mwenye kopi anauza kwa idadi ya CD, kwa hiyo hata kopi yake ilikuwa sio rahisi kivile, mteja akiongeza kidogo anapata boksi la heshima lililoongea lugha yake. Siku ya kwanza ziliondoka nakala 18,000. Kwenye nchi ambayo watu walisema hakuna mtu atakayenunua orijino!

Hao hao baadae ndo wakatengeneza The Witcher na wakafungua duka la GOG mwaka 2008, magemu ya humo ukishashusha ni yako, hayana kufuli, weka kwenye flash, peleka kijijini, cheza. Lakini sio malaika. Witcher 2 ya mwaka 2011 ilipotoka, nakala za boksi ziliwekwa kufuli, wakalitoa kwa apdeti baada ya muda mfupi. Alafu wakaanza kutumia wanasheria kupeleka barua kwa watu Ujerumani wanaodaiwa kushusha kopi, wadai fidia. Watu wakapiga kelele kwamba vipi mkimkosea mtu asiye na hatia, na Januari 2012 wakaacha. Hapo ndo napoona tofauti: walikosea, wakaambiwa, wakasikia. Witcher 3 ikaja 2015 bila kufuli na vinyongeza 16 vya bure. Ndo gemu la kwanza maishani mwangu kulipia, nilikuwa nimeshalimaliza la kopi, nikalinunua tena kwa sababu nilijisikia nadaiwa.

Mtaji wa namna hiyo, yani imani ya wateja, unaliwa pia. Gemu lao Cyberpunk 2077 ya Desemba 2020 ilikuja mbovu kwenye PS4 mpaka Sony wakaitoa dukani na watu wakarudishiwa hela. Jina lililojengwa miaka zaidi ya 20 likatikisika ndani ya wiki moja, na iliwachukua miaka mingine mitatu ya kurekebisha ndo watu wakaanza kuwasemea vizuri tena.

Gabe Newell, bosi wa kampuni ya Valve wenye duka la magemu mtandaoni la Steam, mwaka 2011 alieleza kwamba wizi wa magemu karibu mara zote ni tatizo la huduma, bei sio tatizo. Mfano wake ulikuwa Urusi, waliambiwa wasiende kule maana watu wote wanatumia kopi, kumbe wenye kopi ndo walikuwa wanatafsiri magemu kwa Kirusi haraka kuliko kampuni zenyewe. Wao wakaenda na huduma nzuri, Urusi ikawa moja ya masoko yao makubwa Ulaya. Nakubaliana nae zaidi ya nusu. Nusu iliyobaki ni kwamba yeye hajawahi kuishi kwa mshahara wa huku. Gemu la dola 70 ni zaidi ya laki moja na nusu, hiyo ni kodi ya chumba ya miezi kadhaa kwa watu wengi naowajua, hata huduma iwe tamu vipi. Kwa hiyo bei ni tatizo, kwetu ni tatizo haswa.

Ila kwenye huduma amepiga penyewe. Mi kuna duka nimewahi kujaribu kulipa na kadi ya kwenye simu mara nne, hela ipo, linakataa tu bila kusema kwa nini, na nikiandika kwa huduma kwa wateja najibiwa niwasiliane na benki yangu wakati sina benki nina laini. Wakati huohuo dogo anapokea flash kwa dakika kumi. Na wiki ileile kabla nyaya hazijakatika, mwanzoni mwa Mei 2024, Sony walitangaza kwamba wenye gemu la Helldivers 2 kwenye kompyuta lazima wafungue akaunti ya PSN, mtandao wa PlayStation. PSN rasmi haipo kwenye nchi nyingi, Tanzania mojawapo. Gemu likaondolewa kuuzwa Steam kwenye nchi na maeneo zaidi ya 170. Watu ambao wameshalipa! Wachezaji dunia nzima wakalijaza maoni mabaya, ndani ya siku chache Sony wakarudi nyuma. Nilifurahi sana siku ile, ila niliumia pia kuona kwamba kwenye meza ya watu wanaopanga hayo mambo hakuna hata mmoja aliyeuliza huyu mtu wa Mbeya atafanyaje.

Na hapa lazima niseme upande wa pili, maana nina rafiki anajifunza kutengeneza magemu na najua anavyokesha. Mwaka 2013 ndugu wawili wa Greenheart Games walitoa Game Dev Tycoon, la dola nane hivi, halina kufuli. Wakaweka wenyewe nakala ya kopi kwenye torenti, tofauti yake moja tu, ukicheza kampuni yako ya ndani ya gemu inafilisika kwa sababu wezi wanakopi magemu yako. Siku ya kwanza zaidi ya asilimia 93 ya waliocheza walikuwa na hiyo kopi. Na wengine wakaenda kuuliza mtandaoni wafanyeje, wezi wanawafilisi. Hiyo ilinikaa moyoni. Kampuni ya watu maelfu nikiichezea kopi pengine haitikisiki, lakini watu wawili na dola zao nane ni kuwanyang'anya ugali mezani, na hapo kufuli halikuwepo la kulalamikia.

Mwezi wa saba mwaka ule dogo akanigongea usiku. "Kaka, naomba unisaidie kununua kitu na ile kadi yako." Alikuwa amelipwa kibarua cha kupakia viazi Uyole. Nikamuuliza kitu gani, akasema Stardew Valley. Lile la kulima, alilotengeneza Eric Barone peke yake, likatoka 2016 kwa dola 15 na mpaka leo anapeleka maapdeti makubwa bila kudai senti. Dogo alikuwa na kopi ya zamani, apdeti ya 1.6 ilishatoka tangu Machi na kwenye flash za washikaji haijafika, na alikuwa ameshajenga shamba lake kwa miezi minane hataki kulipoteza. Nikamwambia subiri kidogo kuna siku linapunguzwa bei. Akakataa.

"Huyu jamaa katengeneza mwenyewe, kaka. Nunua tu."

Kadi ilikubali mara ya pili. Tulikaa mpaka saa saba usiku tunahamisha shamba lake kutoka kwenye kopi, faili likasoma, kuku wake wote wapo.