Kano ndani ya vumbi la harmattan

Ndege kutoka Lagos ilizunguka juu ya Kano, rubani akatutangazia kuwa haoni njia ya kutua, tukapelekwa Abuja. Hapo nikaamua kupanda gari. Ilikuwa Januari, harmattan, ule upepo mkavu wa vumbi, imekolea, msimu ambao Wahausa huuita hunturu.

Tulipopita Kaduna mbingu ilianza kupoteza rangi. Kufika Zaria jua limekuwa kiduara cheupe unachoweza kukitazama bila kuumia macho, na malori yanakuja yamewasha taa saa nane mchana. Dereva alifunga vioo vyote. Vumbi likapenya hivyo hivyo, laini kama unga wa muhogo, likakaa kwenye nyusi na katikati ya meno.

Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia kwenye kaskazi. Miezi ni ileile, na huu nao huvuma kutoka kaskazini-mashariki. Ila kaskazi yetu hupita baharini. Huu hupita Sahara. Kule Chad hubanwa kati ya milima ya Tibesti na Ennedi, ukachomoka kwa kasi na kukwangua bonde la Bodélé, sakafu ya ziwa kubwa la kale ambalo Ziwa Chad la leo ni masalio yake. Vumbi jingine huvuka Atlantiki hadi misitu ya Amazon.

Kano asubuhi ni baridi hasa. Watu wamevaa makoti na kuota moto wa vijiti kando ya barabara. Mama mwenye nyumba niliyofikia alinitazama midomo tu, akaniletea kikopo cha man kade, mafuta ya mbegu za mti wa shea. "Paka sasa, mwanangu. Ikishapasuka utalia ukila pilipili." Chini ya mlango alikuwa ametandaza tambara bichi. Mwanawe mdogo ana pumu, na dawa ya kuvuta ameifunga kwenye pindo la kitenge chake, haiweki chini hata akipika. Mtoto hatoki kucheza mpaka anga litakate.

Hofu yake nyingine ni homa ya uti wa mgongo. Hewa kavu yenye vumbi huchubua koo, na miezi hii ndiyo ugonjwa huo huibuka katika ukanda wote wa Senegal hadi Ethiopia. Chanjo dhidi ya vimelea vya kundi A, iliyoanza kutolewa mwaka 2010, imeokoa watoto wengi mno, lakini vimelea vya makundi mengine bado vinaua.

Kwenye visima vya kutia nguo rangi ya nili vya Kofar Mata, vinavyosemekana kuwapo tangu 1498, nilimkuta mzee akitundika kitambaa kinachochuruzika. Hatujamaliza kuongea, kimekauka. Akakikung'uta vumbi kwa nguvu, akawapa vijana wakitwange kwa nyundo za mbao hadi king'ae. "Njoo wakati wa mvua," akaniambia, "utakisubiri kutwa nzima."