D na G

Jumapili, usiku

Miguu imechoka lakini usingizi haujaja, basi niandike.

Leo tulikuwa wanne, kila mtu na baiskeli yake. Tulikutana Buzuruga, hapa Mwanza, kabla jua halijachomoza, tukapita Nyakato na Igoma, tukaenda hadi Kisesa na kusogea mbele kidogo kwenye barabara ya Magu, kisha tukageuza. Alfajiri upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, kwa hiyo wakati wa kwenda unakupiga usoni. Ikifika saa nne ardhi imeshapata moto, upepo unageuka, unatoka ziwani, na sisi ndio tunarudi mjini. Usoni tena. Waendesha baiskeli wa upande huu tunalijua hilo na bado kila Jumapili tunatoka.

Kisesa tulisimama kunywa chai. Dada yetu, ambaye ni nesi, alikuwa na matobolwa kwenye mfuko wa nyuma wa jezi, akatugawia. Kwa safari ndefu sijaona chakula kinachoyazidi: hayaharibiki, hayamwagiki, na viazi vilivyochemshwa vikakaushwa vina utamu unaokupeleka mbali. Baiskeli tulikuwa tumeziegemeza ukutani, na kijana anayeuza chai alizitazama kwa muda mrefu kabla ya kuuliza.

"Kaka zangu, hizi baiskeli nyembamba hivi, kila mtu ya kwake ni aina gani?"

Ni swali dogo, lakini tulikaa nalo karibu saa nzima.

Kijana wetu wa Buhongwa alianza. Yake ni Bianchi ya alumini, ile rangi ya kijani iliyochanganyika na buluu ambayo ukiiona mara moja huwezi kuisahau. Kampuni ilianzishwa Milano mwaka 1885 na rangi hiyo ndiyo alama yake. Yeye ni fundi wa kuchomelea, na alidunduliza miaka miwili kuipata. Aliigonga bomba la juu kwa ukucha ili tusikie sauti yake, akaeleza jambo ambalo mimi sikulijua: chuma kikipasuka, fundi yeyote mzuri anaweza kukichomelea kikaendelea na kazi, lakini alumini ya baiskeli hupikwa kiwandani ili iwe ngumu, na ukiichomelea, pale palipopata moto panakuwa laini. Ndiyo maana kila jioni anaifuta yote kwa kitambaa, polepole, akitafuta ufa. Anaichunga kama mtu achungaye kitu ambacho mikono yake mwenyewe, pamoja na ufundi wote ilionao, haiwezi kukirudisha.

Dada nesi ana Giant, ya Taiwani, fremu ndogo. Kabla yake alikuwa na fremu ya mtu mrefu, aliyoinunua kwa sababu ndiyo iliyokuwepo, na mwaka mzima aliendesha vidole vikifa ganzi na mgongo ukimuuma, akidhani ndivyo mchezo wenyewe ulivyo. Aliposema hivyo nilisikitika kweli. Wangapi wameacha kwa sababu hiyo, hasa wanawake, na hakuna aliyewaambia kwamba tatizo ni kipimo? Alimwonyesha kijana wa chai jinsi ya kupima siti: panda, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, goti linyooke. Ukisukuma baadaye kwa mbele ya wayo, goti litabaki na mkunjo mdogo unaofaa. Kijana akajaribu. Akacheka kwa furaha.

Mzee wetu ana Phoenix. Wengine hawaiiti baiskeli ya mbio, lakini sisi tulishaacha kubishana, kwa sababu mzee hatumwachi nyuma. Ameivua madigadi na kifuniko cha cheni, usukani ameupindua chini juu ili alale mbele kidogo. Keria hajaitoa. Kwa keria hiyo alipeleka maziwa mjini kutoka huku Kisesa kila siku ya Mungu, madumu mawili kila upande, na anasema akiitoa baiskeli haitamjua. Gia moja, breki za vyuma. Akipanda kilima hasimami juu ya pedali. Anakaa, anasukuma, uso umetulia, na sisi wenye gia tunahangaika pembeni yake.

Kisha wakanitazama mimi.

Zamani hapo ndipo nilipokuwa nakwepa. Baiskeli yangu haina jina. Niliinunua kwa muuza mitumba wa Nyakato, ilitoka ndani ya kontena ikiwa imefungwa kamba na nyingine tatu, rangi imekwanguliwa mpaka chuma kinaonekana, nembo ya mbele imeng'oka na kuacha matundu mawili ya ripiti. Ni ya chuma, mabomba membamba, vijiti vya gia viko kwenye bomba la chini karibu na goti, nyuma ina meno ya ngazi tano. Usukani wa pembe za beberu. Niliipenda siku hiyo hiyo, lakini mtu akiniuliza ni ya aina gani nilikuwa nasema tu, "Ya mtumba," nikabadilisha mazungumzo.

Leo niliwasimulia ninachokijua, na nataka kukiandika hapa pia.

Mwaka jana ilianza kulia. Kila nikikanyaga pedali ya kulia, "tak". Nikaipeleka Kirumba, kwa fundi anayefanya kazi karibu na soko la Mwaloni, pale dagaa wanapopakiwa kwenda Kongo. Tatizo lilikuwa kwenye ekseli ya kati, ile inayoshika mikono ya pedali. Kikombe cha kushoto, kile cha chuma kinachoshika gololi, kilitoka bila shida. Cha kulia kilikataa. Fundi aliweka spana, akaminya kuelekea mbele, maana kwenye Phoenix na karibu baiskeli zote alizowahi kuzifungua, kikombe cha kulia hufunguka kinyume na nati za kawaida. Hakikusogea. Akachomeka bomba kwenye mpini wa spana ili apate nguvu zaidi. Chuma kikaanza kulia, na mimi nikaanza kuona fremu yangu ikipasuka mbele ya macho yangu.

"Fundi, subiri kwanza," nilimwambia.

Akapumzika. Pedali zangu alikuwa ameshazifungua, ziko juu ya gunia. Jirani yetu hapo alikuwa mama mmoja wa Kikongo, mnunuzi wa dagaa, amekaa juu ya mzigo wake akingoja mizani. Alichukua pedali moja, akaifuta ncha ya ekseli yake kwa khanga, akaisogeza karibu na jicho.

"Hii ina D," akasema. Akachukua ya pili. "Na hii G."

Fundi akasema herufi hizo amezoea kuona R na L, za Kiingereza, kulia na kushoto. D na G hakuwahi kuzijua.

"Eh, si ni Kifaransa hiki," mama akasema. "Droite, kuume. Gauche, kushoto. Baiskeli yako ni ya Wafaransa, baba."

Fundi alinyamaza. Nilimwona akiitazama spana, halafu kikombe, halafu pedali mkononi mwa mama. Akasema taratibu, kama anayejisemea, "Kama herufi si za Kiingereza, basi huenda na nyuzi zake za kukazia si za Kiingereza." Akalitoa lile bomba. Akageuza spana upande wa pili, akaminya kwa mkono mmoja tu. Kikombe kikatoa mlio mfupi, kikaachia.

Ndani grisi ilikuwa imekauka imekuwa kama udongo, na gololi mbili zilikuwa zimeliwa. Aliweka mpya, 11 kila upande, akizipanga kwenye grisi moja moja kwa ncha ya kidole. Nilipomuuliza kwa nini Wafaransa walifanya tofauti, alinieleza kwa peni na kifuniko cha chupa. Aliegemeza ncha ya peni kwenye ukuta wa ndani wa kifuniko, akaizungusha ukutani, peni lenyewe likaanza kujiviringisha upande wa pili. Ekseli ikizunguka ndani ya kikombe chini ya uzito wa mtu hufanya hivyohivyo, inakisukuma kikombe kidogo kidogo kinyume chake. Waingereza waligeuza nyuzi za upande wa kulia ili msukumo huo ukaze. Baiskeli za zamani za Kifaransa zina nyuzi za kawaida pande zote mbili, kwa hiyo kikombe cha kulia kinajifungua chenyewe taratibu. Akazungushia nyuzi zake utepe mweupe wa mafundi bomba, akakaza, akaniambia nikikague kila mwezi. Nakikagua.

Mama alipoitwa kwenye mizani alisema nayo baiskeli ipimwe, apate cha kuwasimulia nyumbani Bukavu. Ikatundikwa kwenye ndoano ya dagaa: kilo 11 na nusu. Phoenix ya mpakuaji mmoja ikatundikwa baada yake: kilo 21.

Mengine nimeyajua kwa kuumia. Tairi la Phoenix halikai kwenye rimu yangu hata kidogo, maana rimu ya Phoenix ina kipenyo cha milimita 635 na yangu 622. Ukilivalisha linacheza na kutoka. Tyubu za baiskeli yangu nazo ni za mdomo mwembamba. Fundi mmoja wa barabarani, siwezi kumtaja, aliwahi kuitoboa rimu yangu ya nyuma ili mdomo mnene upite, bila kuniuliza. Tundu lile bado linanichoma moyo. Siku hizi natembea na tyubu mbili, solusheni na viraka, na rimu yangu simwachii mtu nikiwa nimegeuka.

Na kuhusu gia: mbele ina meno 52 na 42, nyuma kubwa kabisa ni 24. Kwa kupanda Bugando, 42 kwa 24 ni nzito; kila mzunguko mmoja wa pedali unatakiwa usogee karibu mita 3.7 ukiwa unaelekea juu. Waliotengeneza hawakuufikiria mlima wa Bugando. Mimi nimeuzoea, na nikifika juu nikaliona ziwa lote mpaka ng'ambo, huwa sitaki baiskeli nyingine.

Nilipomaliza, kijana wa chai alikuwa ameshachuchumaa, anatafuta herufi. Mzee naye aliweka kikombe chini, akainuka, akaja akainama taratibu, mkono mmoja umeshika goti. Akalowesha kidole gumba kwa mate, akasugua ncha ya ekseli ya pedali ya kulia mpaka uchafu ukatoka na D ikaonekana.

"Naam," akasema. Akazunguka baiskeli. "Sasa nionyeshe ile nyingine."