Nilivyopima mshahara wa "hadi 35,000" kabla ya kuacha kazi

Tangazo lilisema machandaiza, yaani mtu wa kupanga bidhaa za kampuni kwenye rafu za maduka, anatakiwa Nairobi, mshahara hadi 35,000 kwa mwezi, kidato cha nne kinatosha. Binamu yangu alinitumia saa nne usiku, na kufika asubuhi nilikuwa nimeshazigawa hizo pesa zote kichwani: karo ya mdogo wangu, godoro, kuhama nyumba ya mabati. Wakati huo nilikuwa muuzaji katika duka la jumla Kayole. Nilipata 15,000 mkononi, chakula cha mchana juu ya mwenye duka, na kazini nilienda kwa miguu.

Kilichonizuia kuaga siku hiyo ni lile neno "hadi". Nilipiga simu kwa ajensi iliyokuwa inaajiri nikaomba wanichambulie. Mshahara wa msingi 22,000, marupurupu ya usafiri 3,000, na 10,000 zilizobaki ni kamisheni ukifikisha tageti ya mauzo. Basi pesa ya uhakika ilikuwa 25,000.

Nikachukua daftari. NSSF, ile akiba ya uzeeni, asilimia 6, yaani 1,500. Bima ya afya ya SHA asilimia 2.75, shilingi 687.50. Makato ya serikali ya nyumba za bei nafuu asilimia 1.5, shilingi 375. Kodi ya mapato haikunigusa, maana ile nafuu ya 2,400 kila mwezi iliimeza yote. Nikabaki na 22,437.50, na bado sijapanda matatu.

Swali la kamisheni nililipeleka kwa mtu anayeifanya kazi yenyewe. Jumanne asubuhi, saa ambayo wateja ni wachache, niliingia supamaketi moja Donholm nikamkuta dada mmoja mbele ya friji la maziwa na juisi, amevaa fulana ya kampuni. Alikuwa anatoa pakiti zote, anasoma tarehe, zinazokaribia kuharibika anaziweka mbele na mpya anazisukuma nyuma. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa baridi. Nilimsalimia nikamweleza shida yangu.

"Wewe unataka kujua mwezi mzuri ama mwezi mbaya?" akaniuliza.

"Mbaya, dadangu."

Alijifuta mikono, akanifungulia slipu ya Machi kwenye simu. Mstari wa kamisheni uliandikwa 0.00. Mwezi huo juisi iliisha ghalani wiki mbili, rafu ikabaki wazi, na tageti haikupunguzwa. Alikuja kazini kila siku, akaipiga rafu tupu picha na kuituma kwa supavaiza kama kawaida. Hapo ndipo niliielewa hii kazi. Machandaiza anapanga, anasafisha, anahesabu, anamsihi mwenye duka aagize mzigo, lakini kuleta mzigo si uwezo wake. Kupima kipato chake kwa kitu asichokishika naona ni kumwonea.

Akanionya tena: "Uliza kama ni duka moja au ni ya kuzunguka. Kuzunguka kutakumaliza."

Kumbe yangu ilikuwa ya kuzunguka, maduka matatu kwa siku. Nauli niliipigia 280 kila siku, siku 26, ikafika 7,280. Yale marupurupu ya 3,000 hayakufika hata nusu. Bando ya kutuma picha, 1,000. Chakula cha mchana, 2,600. Kilichobaki kilikuwa 11,557, chini ya nilichokuwa nacho Kayole.

Lakini sikutaka kuitupa kazi yenyewe, kwa sababu dukani sikuwa na NSSF wala bima, na huku mwajiri angeniwekea 1,500 nyingine juu ya yangu. Hiyo ni pesa yangu hata kama siioni leo. Nilirudi kwa ajensi na daftari langu, nikaomba duka moja, na nikaomba marupurupu yaandikwe kwenye mkataba. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, kwa hiyo sikuona aibu kuomba. Walinizungusha siku nne, kisha wakanipa duka la Donholm. Nauli ikashuka hadi 2,600 kwa mwezi, bando 600. Ukiondoa na chakula, nabaki na 16,637 bila kamisheni hata shilingi. Nikasaini.

Mwezi wa kwanza kamisheni ilikuja 2,140. Mwezi wa pili haikuja kabisa, na kodi ya nyumba niliilipa tarehe tano.