Sambusa za mamangu na zile ikwesheni za x na y

Fomu wani ile hesabu ya simaltenia, ya ikwesheni mbili unazotafutia x na y kwa pamoja, ilinitesa kweli. Wakinipa ikwesheni mbili tayari zimeandikwa naondoa x fasta, lakini swali likija kwa maneno, eti fulani kanunua kalamu na vitabu, basi nabaki naangalia karatasi tu.

Kilichonifungua ni meza ya mamangu. Anauza mahamri na sambusa asubuhi huku Kisauni, hamri bob 10, sambusa bob 20, kila moja anaifunga kwa kikaratasi chake. Siku hiyo aliniachia meza, aliporudi vyote vimeisha, kwa kibati mna 1,900 na vile vikaratasi 130 alivyokata usiku havipo hata kimoja. Akaniuliza, sambusa zilikuwa ngapi? Alitaka kujua manake nyama ndo inamla pesa. Mimi sikuhesabu.

Nikakaa nikafikiria hivi, kama vyote 130 vingekuwa mahamri ningepata 1,300, lakini niko na 1,900, hiyo 600 imetoka wapi? Imetoka kwa sambusa, kila moja inaongeza bob 10 juu ya hamri, kwa hivyo sambusa 60 na mahamri 70. Nikajaribu, 700 na 1,200, ikafika pale pale. Halafu ndo nikashtuka kumbe, x ikiwa idadi ya mahamri na y idadi ya sambusa, hii ni x + y = 130 na 10x + 20y = 1,900, unazidisha ya kwanza kwa 10 unaiondoa kwa ya pili, ni kitu kile kile nilichofanya kichwani!

Tangu hapo kabla sijaandika ikwesheni yoyote naandika kwanza x ni nini. Si "x ni mahamri", la, "x ni idadi ya mahamri". Zamani nilikuwa naandika mahamri tu, nikifika katikati nishaanza kuisoma kama pesa na hesabu yote inaharibika.

Kuna siku pia nilikwama kwa kitu kingine. Pale soko la Kongowea mamangu alinunua nyanya kilo 2 na vitunguu kilo 3, akalipa 460, kesho yake kilo 4 na kilo 6, akalipa 920. Nikitafuta bei ya kila kilo napata 0 = 0. Nikarudia mara tatu nikidhani nimekosea mahali, mpaka nikaona ile ya pili ni ya kwanza mara mbili, haina habari mpya hata kidogo. Ikabidi ningoje. Siku ya tatu, bei ile ile, akachukua nyanya kilo 3 na vitunguu kilo 2 kwa 440. Nikajumlisha hiyo na ile ya 460, kilo 5 za nyanya na 5 za vitunguu ni 900, basi kilo moja moja ni 180, na mbili mbili ni 360. Toa kwa 460, kitunguu 100, nyanya 80.

"Kitunguu mia?" mamangu akasema. "Basi kesho twende kwa yule mzee wa kule nyuma."