Siku Moja Maishani Mwangu: Rubani wa Kisongo na Upepo wa Ubavuni

Saa 11 alfajiri. Chai ya rangi, kisha safari ya Kisongo, Uwanja wa Ndege wa Arusha. Narusha Cessna Caravan, abiria wangu wengi ni watalii.

Saa 12:30. Naizungukia ndege na rubani msaidizi, kijana aliyeanza kazi karibuni. Matairi, breki, mafuta. Eleroni, vile vibawa vidogo vya nyuma ya mabawa vinavyoinamisha ndege kulia au kushoto, nazisukuma kwa mkono hadi mwisho, juu na chini, kwa sababu alasiri tutazihitaji zote.

Saa 2 hadi saa 7. Manyara, kisha Seronera kule Serengeti. Hewa imetulia.

Saa 9 alasiri. Tunarudi Arusha, jua limeshachoma ardhi. Mnara unatutajia upepo: unatoka nyuzi 120 za dira, kasi noti 18 (noti ni maili ya baharini kwa saa). Tunatua njia ya 09, yaani kuelekea mashariki, nyuzi 90, hivyo upepo unatujia kulia kwa pembe ya nyuzi 30. Hapo nusu yake, noti 9, inatusukuma ubavuni. Kitabu cha Caravan kinataja noti 20 zilizothibitishwa kwenye majaribio, kwa hiyo tunaendelea.

Anatua kijana. Pua ameielekeza kulia kidogo, ndege inashuka kimshazari lakini haitoki kwenye mstari wa katikati. Karibu na lami anakanyaga pedali ya kushoto kunyoosha pua, na papo hapo anakata usukani kulia kushusha bawa la upande wa upepo. Gurudumu la kulia linagusa, la kushoto linafuata, la mbele mwisho. Safi kabisa! Halafu mikono yake inalegea.

"Usiachie, mdogo wangu! Kata kulia zaidi."

Hapa ndipo ninapong'ang'ania. Kasi ikipungua, eleroni zinapoteza nguvu, ilhali upepo haujapungua. Usukani lazima uzidi kukatwa hadi ufike mwisho, la sivyo bawa linanyanyuka.

Saa 11 jioni. "Kepteni, na upepo ukizidi?"

Namwambia: ukikanyaga pedali hadi mwisho na pua bado haijanyooka, ongeza nguvu, paa tena. Usibishane nao. Tena kukimbilia KIA, Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro, si jibu la kila kitu. Njia yake ni 09/27 kama ya kwetu. Itakupa urefu wa mita 3,600, lakini upepo ukiwa uleule, pembe ni ileile. Ndiyo maana nabeba mafuta ya kusubiri upepo utulie, hata kwa safari fupi ya Manyara.